Kolwezi: gari ya zamani haiuawi na miaka, inauawa na «tutatengeneza kesho»

Katika familia nyingi za Kolwezi, gari ya nyumbani ina miaka mingi kuliko watoto inaowapeleka masomoni. Ilitengenezwa Japani kati ya mwaka 2000 na 2008, ikatumika huko muda mrefu, ikavuka bahari, ikafika Lualaba ikiwa okasio. Leo ndiyo inabeba kila kitu: baba anayeenda kazini kabla ya jua kutoka, mama na mifuko yake ya soko, mgonjwa wa usiku wa manane, na siku ya Mungu familia nzima kuelekea kanisani.

Kwa wakaaji wa Kapata, Luilu na Musonoi, gari ya namna hiyo si fahari. Makao hayo yako upande wa migodi, karibu na mashimo makubwa kama ya Mashamba. Mashamba Mashariki iko chini ya kampuni ya KCC, na Mashamba Magharibi iliingia pamoja na Dikuluwe katika mradi wa Sicomines. Kazi ya migodi inaenda kwa zamu, mchana na usiku. Wewa wapo, ni kweli, lakini pikipiki haiwezi kubeba mama mwenye uchungu wa kuzaa wakati mvua inanyesha saa nane za usiku.

Ndiyo maana gari inapolala, nyumba nzima inalala nayo. Na ukisikiliza hadithi za wenye magari haya pamoja na mafundi wao, utaona kwamba mara nyingi miaka siyo inayoiua gari. Kinachoiua ni ugonjwa mdogo wa dola chache ulioachwa mpaka ukawa ugonjwa wa motere nzima.

Kutoka Japani mpaka Kasumbalesa

Watu wengi wanajiuliza kwa nini Wajapani wanaachilia magari ambayo bado ni mazima. Jibu liko katika sheria zao. Gari mpya ya mtu binafsi inapita kwenye kontroli ya lazima baada ya miaka 3, kiisha kila miaka 2. Kontroli hiyo inaenda pamoja na kodi na asiransi, na kodi ya uzito inapanda gari inapopita miaka 13. Kwa Mjapani inakuja siku ambapo kuibakiza gari ni gharama kuliko kuiuza mnadani. Hapo ndipo safari ya kuja kwetu inaanza.

Magari mengi yanayofika Katanga yanashukia bandari ya Dar es Salaam, yanapita Tanzania na Zambia, na kuingia Kongo kwa mpaka wa Kasumbalesa, safari ya karibu kilometa 2,000. Mpaka pale, gari iko bado katika dunia iliyotengenezewa, kwa sababu Japani, Tanzania na Zambia zote zinaendesha upande wa kushoto. Ikivuka tu kizuizi cha Kasumbalesa, inajikuta kwenye barabara za mkono wa kuume, na volani yake iko upande wa pembeni ya barabara. Mara kwa mara serikali ya Kinshasa imetangaza hatua za kuyazuia magari ya volani ya kuume, lakini yangali barabarani, maana ndiyo yanayolingana na mfuko wa familia.

Anayenunua gari ya namna hii asisahau karatasi ya mnada wa Japani, kama mwuzaji anayo. Karatasi hiyo inaonyesha kilometa na hali ya gari siku ilipouzwa, na herufi R au RA inaonyesha kwamba iliwahi kugongwa na kutengenezwa. Kilometa za kwenye dashibodi zinaweza kurudishwa nyuma. Zile za kwenye karatasi ya mnada ni vigumu zaidi kuzibadilisha, mradi karatasi yenyewe si ya uongo.

Kwa nini zinadumu

Sifa ya magari haya si uongo. Toyota IST, Raum, Probox na Spacio ya pili, yote yaliyotoka kati ya 2001 na 2003, yanatumia motere za jamaa moja, ile inayoitwa NZ. Motere ya 1NZ-FE ya lita 1.5 inapatikana katika magari yote manne hayo. Kwa mwenye gari wa Kolwezi hilo ni jambo kubwa: fundi aliyefungua Probox moja anaijua IST yako, na piesi iliyotoka katika Raum iliyogongwa inaweza kuokoa Spacio ya jirani.

Tena motere hizi zinaendesha kichwa chake kwa mnyororo wa chuma, si kwa mkanda wa mpira. Mkanda unapaswa kubadilishwa kila kilometa 100,000 hivi, na mwenye gari asiyejua hilo anangoja tu siku ukatike. Mnyororo unaweza kudumu kuliko hapo, kwa sharti moja: mafuta ya motere yabadilishwe kwa wakati. Mafuta yakiwa mazito kama lami, mnyororo unalegea na kuanza kupiga kelele asubuhi, wakati gari inapowashwa.

Si magari yote ya familia yana bahati hiyo. Noah ya mwaka 2001 mpaka 2007, inayopendwa na familia kubwa, ina motere ya lita 2 inayopiga esansi moja kwa moja ndani ya silinda kwa nguvu kubwa. Inatumia esansi vizuri, lakini haivumilii uchafu. Esansi yenye maji au vumbi, kama ile ya bidoni za kando ya barabara kwa wale wanaoitwa Kadhafi, inaweza kuharibu pompu yake ya nguvu, na pompu hiyo ni ghali. IST inaweza kukohoa na kuendelea. Noah ya namna hiyo inaweza kulala hapo hapo.

Kifo kinaanzia kwenye maji

Kama kuna ugonjwa mmoja ambao mafundi wa Kolwezi wanaufahamu sana, ni gari kuchemka. Na mara nyingi hadithi yake inaanza vilevile.

Siku moja mshale wa joto unapanda kidogo. Mwenye gari anasimama, anangoja ipoe, anaongeza maji ya bomba, anaendelea. Juma linalofuata, tena. Anaenda kwa fundi. Fundi anafungua, anatoa kidude kidogo cha chuma kinachoitwa termostati, anasema hakina kazi katika nchi ya joto, na anafunga bila kukirudisha. Gari inapoa. Kila mtu anafurahi.

Lakini ugonjwa haujatoka, umefichwa tu. Termostati kazi yake ni kuzuia maji yasizunguke mpaka motere ipate joto lake. Katika motere za NZ inafunguka karibu na digrii 82. Ikiondolewa, maji yanazunguka wakati wote, na motere inabaki baridi asubuhi. Na Kolwezi, iliyo karibu mita 1,450 juu ya bahari, si mji wa joto kila siku: baridi ya asubuhi za mwezi wa sita na wa saba kila mkaaji anaifahamu. Motere baridi inakula esansi zaidi, na esansi isiyoungua inashuka na kuchanganyika na mafuta.

Sababu ya kweli ya joto mara nyingi ilikuwa kwingine. Inaweza kuwa radiateri iliyozibwa na kutu, kwa sababu imejazwa maji matupu miaka nenda miaka rudi badala ya maji ya dawa ya radiateri yanayozuia kutu. Inaweza kuwa ventilateri isiyozunguka. Au inaweza kuwa kitu cha bei ndogo kuliko vyote: kifuniko cha radiateri.

Kifuniko hicho watu wengi wanadhani ni kifuniko tu, kama cha chupa. Sivyo. Katika mji ulio juu kama Kolwezi, maji ya sufuria yanachemka karibu na digrii 95, si 100. Kifuniko kizima kinafunga maji ndani kwa nguvu, na kwa hiyo yanaweza kupita digrii 110 bila kuchemka. Mpira wake ukizeeka, nguvu inatoka, na maji yanachemka mapema. Mwenye gari anaona mvuke, anaogopa, na anakubali kila kitu anachoambiwa, hata kufungua motere nzima.

Hatari ni kwamba motere hizi ni za aluminiamu. Zikichemka mara mbili tatu, kichwa cha motere kinapinda, pakingi yake inaungua, na maji yanaingia kwenye mafuta. Utaona mafuta yamegeuka rangi kama kahawa ya maziwa. Hapo hakuna tena dola chache. Hapo kuna kichwa cha kupelekwa kunyooshwa, pakingi mpya, siku nyingi garajini, au motere ya okasio. Na mtoto anaenda masomoni kwa mguu.

Kwa hiyo utaratibu wa mafundi wazuri ni huu: gari ikichemka, wanaanza na kifuniko, mipira ya maji, ventilateri na radiateri, kiisha termostati, na wanaibadilisha badala ya kuitupa. Mwenye gari naye ana kanuni yake moja: mshale ukifika nyekundu, zima motere palepale. Kusukuma mpaka nyumbani ili kuokoa pesa ya kuvutwa ndiko kunakozaa gharama kubwa kuliko zote. Na kifuniko hakifunguliwi wakati maji ni ya moto, maana kimewaunguza watu wengi uso na mikono.

Vumbi la kiangazi, mashimo ya mvua

Kuanzia mwezi wa tano mpaka wa tisa, vumbi jekundu linaingia kila mahali. Vitabu vya kiwanda vinasema filtri ya hewa idumu kilometa nyingi, lakini vitabu hivyo havikuandikwa kwa barabara ya udongo inayopitwa na malori ya migodi. Filtri iliyozibwa inafanya motere ivute kwa shida na kula esansi. Filtri iliyotoboka, au iliyoondolewa, ni mbaya zaidi: mchanga unaingia moja kwa moja kwenye silinda na kuzisaga. Gari inayotoa moshi wa buluu na kumaliza mafuta kila juma mara nyingi imekula vumbi kabla ya kuzeeka.

Mvua ikirudi, mashimo yanakamata miguu. Amortiseri, rotule na mipira ya mikono ya chini ndiyo inaanza kulia. Wengi wanazoea kelele hiyo. Lakini rotule iliyochoka inaweza kutoka kabisa, na gurudumu likaanguka upande gari ikiwa inatembea. Kelele ya «tok-tok» unapopita kwenye shimo si kelele ya uzee, ni onyo.

Mipira ya gari nayo ina umri wake, na umri huo umeandikwa. Kwenye ubavu, mwisho wa maandishi yanayoanza na DOT, kuna tarakimu nne. Ukisoma 2316, maana yake mpira ulitengenezwa juma la 23 la mwaka 2016. Mpira wa okasio unaweza kuwa na meno mazuri na bado kuwa mkavu ndani. Viwanda vyenyewe vinashauri usitumike baada ya miaka 10, hata kama macho yanauona kuwa mpya. Sekunde kumi za kusoma tarakimu hizo sokoni hazigharimu kitu.

Piesi: mpya si lazima iwe nzuri

Kwa wenye magari ya zamani, shida nyingine ni piesi. Sokoni kuna piesi za aina tatu. Kuna piesi ya kweli ya kiwanda, ambayo ni chache na ghali. Kuna okasio, iliyotolewa katika gari nyingine ya Japani. Na kuna mpya ya kuiga, yenye boksi linalong'aa na jina linalofanana na lile la kiwanda.

Wengi wanadhani mpya ni bora siku zote. Kwa vitu vinavyochakaa kwa kusuguliwa, kama vile plaketi za freni, filtri na mikanda, ni kweli kwamba okasio haina maana. Lakini kwa vitu vya umeme na vya chuma kizito, kama alternateri au mota ya kuwashia, okasio ya Japani mara nyingi inadumu kuliko ya kuiga inayotoka kwenye boksi.

Njia ya kupunguza hasara ni kwenda na namba ya shasi na kipande cha zamani mkononi. IST mbili za rangi moja zinaweza kuwa na motere mbili tofauti, ya lita 1.3 na ya lita 1.5, na baadhi ya piesi zao hazilingani. Anayemtuma mtoto sokoni na maneno «piesi ya IST» peke yake anajinunulia safari ya pili. Vilevile, mwenye gari akae karibu wakati piesi inafungwa, na aombe arudishiwe ile ya zamani. Hiyo si kumdharau papa fundi. Fundi wa kweli mwenyewe anapenda kuonyesha kilichokufa.

Freni kabla ya rangi

Mpaka hapa tumezungumzia pesa. Lakini kuna barabara ambako gari mbovu haigharimu pesa peke yake.

Kati ya Kolwezi na Lubumbashi ni karibu kilometa 300, kupitia Likasi. Ndiyo njia ya familia kwenda kwa ndugu, kwenda hospitali kubwa, kwenda masomo ya juu. Ndiyo pia njia ya shaba na kobalti kuelekea Kasumbalesa, na ya malori yanayoleta asidi kwa ajili ya viwanda. Mwezi wa pili mwaka 2019, kati ya miji hiyo miwili, karibu na Tenke, lori lililobeba asidi liligongana na magari mengine na watu wasiopungua 18 walipoteza maisha.

Katika barabara kama hiyo, gari ya volani ya kuume inamweka shofere mahali pabaya. Akitaka kupita lori, haoni kinachokuja mpaka atoe nusu ya gari nje. Ndiyo maana abiria wa mbele upande wa kushoto anageuka kuwa macho ya shofere: ndiye anayesema «ngoja» au «pita». Kazi hiyo isipewe mtoto wala mtu anayesinzia. Kama hakuna wa kuona, kusubiri nyuma ya lori ni afadhali, na kuliacha lori nafasi kubwa mbele ndiko kunakoongeza upeo wa macho.

Taa nazo zina jambo lake. Taa za gari iliyotengenezwa kwa barabara za kushoto zinapeleka mwanga zaidi upande wa kushoto. Kwetu, upande wa kushoto ndiko anakotoka mwenzako. Hata ukishusha taa, unaweza kumpofusha. Fundi anaweza kuzirekebisha zishuke, na ni kazi fupi.

Kuhusu freni, watu wanakumbuka plaketi na kusahau mafuta yake. Mafuta ya freni yanavuta maji kutoka hewani. Baada ya miaka miwili hivi yanapaswa kubadilishwa, kwa sababu maji hayo yanachemka gari inaposhuka mlima ikiwa imejaa watu, na mguu unakanyaga hewa. Gari nyingi za okasio huenda hazijabadilishiwa mafuta hayo tangu zishuke Dar es Salaam. Hata hivyo, utaona gari iliyopakwa rangi mpya, yenye redio kubwa na maandishi ya sala kwenye kioo, na pedali ya freni inayoshuka mpaka chini.

Pesa ya kesho

Hakuna anayechelewesha freni kwa kupenda. Kipato cha Kolwezi kinapanda na kushuka na migodi. Kongo inatoa zaidi ya sehemu 70 kwa mia za kobalti ya dunia, na tarehe 22 mwezi wa pili 2025 serikali ilisimamisha kuitoa nje kwa sababu bei ilikuwa imeanguka. Katikati ya mwezi wa kumi, kizuizi kikageuzwa kuwa kiasi maalumu kwa kila kampuni. Mapato ya migodi yakikaza, familia inachagua: chakula, pesa ya masomo, kodi ya nyumba. Gari inangoja.

Lakini hesabu ya kungoja haimpendelei maskini. Anayeweka pembeni dola 5 kila juma anakuwa na dola 260 mwisho wa mwaka. Asiyeweka kitu atazitafuta kwa mkopo siku gari imelala, na siku hiyo hana nguvu ya kubishana bei. Wengine wanafanya likelemba kati ya majirani au wafanyakazi wenzao kwa ajili ya magari tu, kila mwezi mmoja anapokea. Ni njia ya kale, na kwa magari inafaa sana.

Pamoja na pesa hiyo, daftari la shule linatosha kuwa kitabu cha gari: tarehe, kilometa, mafuta yamebadilishwa lini, piesi gani, fundi gani. Mafuta ya motere yasipite kilometa 5,000, na wakati wa vumbi hata kabla. Daftari hilo linamzuia fundi wa pili asirudie kazi ya wa kwanza, na siku ya kuuza gari linaongea vizuri kuliko mdomo wa mwuzaji.

Kuna pia siku ya kuachilia. Kama chuma cha chini kimeliwa na kutu mahali miguu ya gari inaposhikwa, au kama bei ya kutengeneza inakaribia bei ya kununua nyingine nzima, kuendelea ni kuzika pesa. Kuiuza kwa vipande wakati motere bado inazunguka kunaleta zaidi kuliko kuiacha uani mpaka kuku watage ndani.

Kabla ya siku hiyo kufika, kazi ya kila asubuhi haizidi dakika tano, motere ikiwa bado baridi: kuangalia maji, kuvuta kijiti cha mafuta, kutazama mipira minne, kuangalia chini kama kuna kinachovuja, na kukanyaga freni kabla ya kuondoka. Pedali ikishuka chini kuliko jana, gari isitoke uani. Watoto waende na wewa siku hiyo, na fundi aitwe leo, si kesho.